Mifupa ya Tendaguru na swali la mtoto wa madrasa

Tulipochimba kisima cha msikiti wetu hapa Ifakara, mafundi walitoa kwanza udongo mweusi, kisha mchanga, na chini ya mchanga huo wakatoa makombe ya chaza wa mtoni, meupe na mepesi, yakivunjika vidoleni. Watoto wa madrasa waliyagombania. Mmoja wao akauliza swali lililoishughulisha kamati nzima kwa miezi kadhaa: mto ulifikaje chini ya msikiti?

Jibu la haraka lilikuwepo. Kilombero ni mto unaohamahama, na bonde letu ni tambarare ya mafuriko iliyotandikwa tabaka juu ya tabaka; ndilo bonde lile lile lililoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar, nyumbani kwa mnyama sheshe. Lakini Ustadh wa darasa la wakubwa hakutaka swali liishie hapo. Aliwasimulia habari za Al-Biruni, ambaye katika karne ya 11 aliandika kwamba jangwa la Uarabuni liliwahi kuwa bahari, akitaja kama ushahidi makombe yanayoonekana watu wachimbapo visima. Akawasimulia pia habari za Ibn Sina, mtu wa zama hizo hizo, aliyeeleza katika Kitab al-Shifa namna mwili wa mnyama au mmea unavyoweza kugeuka jiwe. Kumbe swali la mtoto wa Ifakara lilikwisha kuwashughulisha wanazuoni wetu yapata miaka elfu moja iliyopita. Kisha Ustadh akaongeza jambo lililotutia gharama: kwamba Tanzania inayo pwani ya kale ya namna hiyo, iliyojaa mifupa mikubwa kuliko ya tembo, nayo iko Tendaguru, mkoani Lindi.

Si wote walioifurahia safari. Katika kikao baada ya swala ya Isha, mzazi mmoja tunayemheshimu alisimama akasema kwamba tunawapeleka watoto wakafundishwe kuwa binadamu ametokana na wanyama, na kwamba mtoto wake hatakwenda. Hatukumpuuza, maana hofu yake wanayo wengi. Imamu alimjibu kwa upole kuwa habari ya Adam, Alayhis Salaam, tumeipokea kwa wahyi na haitoki katika mfupa wowote. Na kwamba kuwapo kwa viumbe walioishi na kutoweka kabla ya binadamu si jambo linaloikanusha habari hiyo. Akakumbusha kuwa aya ya 20 ya Suratul Ankabut inatuamrisha tutembee katika ardhi tukatazame namna uumbaji ulivyoanzishwa. Mzazi yule alishukuru kwa jibu, lakini mtoto wake hakumruhusu. Tuliheshimu uamuzi wake, na tunauheshimu hadi leo.

Tuliondoka mwezi wa Juni, likizo ya shule: watoto 14, akina mama watatu, na wanakamati wanne. Kutoka Ifakara hadi Mikumi, Morogoro, Dar es Salaam, kisha kusini kupitia Kibiti hadi Lindi, ni safari ya siku mbili kwa wenye watoto. Lindi tulipumzika, tukamaliza taratibu za kibali, tukakodi magari mawili yenye nguvu, kwa kuwa njia ya kuelekea kata ya Mipingo si ya basi.

Kilima cha Tendaguru kiko takriban kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, kusini ya mto Mbwemkuru. Jina lenyewe huelezwa kuwa ni la Kimwera, lenye maana ya kilima chenye mteremko mkali. Tuseme ukweli: mtoto aliyetarajia kuona mjusi mkubwa amesimama atavunjika moyo. Kuna pori, nyasi ndefu, na mashimo ya zamani yaliyofunikwa na vichaka. Baadhi ya watoto wetu walinuna kwa nusu saa nzima. Hali ilibadilika pale mzee mwenyeji aliyetuongoza alipoinama katika korongo dogo akawaonyesha kipande cha mfupa kilichojitokeza ardhini, kizito kama chuma, na hatua chache mbele akawaonyesha makombe ya baharini yaliyoshikamana na jiwe la mchanga. Bahari yenyewe tulikuwa tumeiacha mbali nyuma yetu, Lindi.

Hapo ndipo Ustadh alipopata darasa lake. Yapata miaka milioni 150 iliyopita ufuko ulikuwa mahali hapo. Palikuwa na wangwa tulivu uliokingwa na kizingiti cha mchanga, maji yakijaa na kupwa kwenye matope mapana, na nyuma yake nchi kavu yenye miti ya jamii ya misonobari. Dinosaria walishuka kutoka bara wakafia katika matope hayo au karibu yake. Bahari ilipopanda ilitandika mchanga na makombe juu yao. Iliporudi nyuma, matope mengine na mifupa mingine. Kwa hiyo wataalamu wamekuta tabaka kuu tatu za mifupa, zikitenganishwa na tabaka za makombe ya bahari. Wachimbaji walikuta hata mifupa ya miguu iliyosimama wima, kana kwamba mnyama alizama akashindwa kujinasua. Mtoto wa Ifakara hahitaji kuelezwa zaidi. Ng'ombe aliyenasa topeni masika huwa anamjua kwa macho yake.

Habari iliyotugusa zaidi, hata hivyo, ni ya watu. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliyekuwa akitafuta madini, alikuta mifupa mikubwa karibu na kilima hicho. Mwaka uliofuata mtaalamu Eberhard Fraas alifika kuithibitisha, na kuanzia 1909 hadi 1913 Jumba la Makumbusho la Berlin likaendesha uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Wasomaji waitazame miaka hiyo kwa makini. Vita vya Maji Maji vilianza 1905, na Agosti mwaka huo babu zetu wa bonde hili walilishambulia boma la Mahenge. Vita vilipozimwa mwaka 1907, kusini yote ilikuwa na makaburi na njaa. Waliokwenda kuchimba Tendaguru ni watu waliotoka katika hali hiyo. Kuna misimu idadi yao ilifika 500. Walichimba kwa majembe na sururu, wakaifunga mifupa midogo ndani ya mianzi, kisha wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku tatu au nne kwa miguu. Jumla ya mizigo iliyosafirishwa Ujerumani ilizidi tani 200. Mjusi aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937 ana kimo cha mita 13.27, na mfupa wake mmoja tu wa mkono una urefu wa mita 2.13.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji, na fundi wao mahiri wa kuisafisha na kuitayarisha mifupa, aliitwa Boheti bin Amrani. Jina hilo halihitaji maelezo kwa wasomaji wa gazeti hili. Aina nyingi za wanyama waliotoka Tendaguru zilipewa majina ya wakubwa wa Kijerumani. Mmoja alipewa hata jina la Lettow-Vorbeck, jemadari wa vita. Ilipofika mwaka 2007 ndipo mtaalamu Kristian Remes alipomwita mmoja wao Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Tuliwaandikisha watoto jina hilo madaftarini, herufi kwa herufi.

Tulirudi Lindi jioni. Baada ya Maghribi mama mmoja alipokuwa akikunja nguo, kipande cha mfupa, kisichozidi kidole gumba, kilidondoka kutoka katika kofia ya mtoto wa miaka kumi na mmoja. Yeye ndiye aliyeuliza swali la kisima. Hakukataa. Alisema alitaka kukiweka pamoja na makombe ya Ifakara.

Tulijadiliana hadi usiku. Mmoja wetu aliona ni jiwe tu, na mafuta ya gari yalikuwa yamekwisha kulipiwa safari ya kurudi. Mwingine akakumbusha kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuondoa kitu cha namna hiyo bila kibali, na kwamba tulikuwa tumetoa ahadi kwa wenyeji. Ustadh akaongeza hoja ya kielimu: mfupa uliotengwa na mahali pake haumwelezi mtaalamu tabaka lake wala wenzake uliozikwa nao. Alfajiri tulikodi pikipiki mbili. Imamu alimpakia mtoto katikati yake na dereva, katibu akafuata na ya pili.

Mzee mwenyeji alitupokea bila ukali. Mtoto alitoa shikamoo, akaomba radhi, akakionyesha kipande. Kisha alizunguka sana kwenye korongo, kwani asubuhi vichaka vyote vilifanana. Hatimaye akakiweka pale alipodhani ndipo, akageuka akatuuliza: "Na ile ya Berlin itarudishwa lini?"

Hatukumjibu. Suala hilo limeulizwa Bungeni zaidi ya mara moja. Wapo wanaotaka mifupa irudi, na wapo wanaosema faida kwanza ifike kwa wananchi wa Lindi. Sisi tunaona kwamba, kwa uchache, Lindi inastahili jumba lake la makumbusho, lenye nakala ya mjusi huyo na majina ya waliomchimba na kumbeba.

Kwa familia zinazotaka kwenda: safirini kati ya Juni na Oktoba, maana masika njia hufungika. Anzeni na ofisi za serikali Lindi kwa kibali, chukueni mwenyeji wa kuwaongoza, maji ya kutosha ya kunywa na kutia udhu, na viatu vya kufunika mguu. Sisi tunaandikisha watoto wa safari ya pili kila Ijumaa baada ya swala, na safari hii tutakagua kofia kabla ya kupanda gari.