PAROKIA YA BOGA NA MABUKU YAKE



Wengi wetu tunafikiri historia ni ya wafalme na vita tu, ile tunayojifunza kwa ajili ya egzameni ya Leta. Lakini parokia ya kijijini nayo iko na historia, na ile historia inakaa ndani ya mabuku. Nitaeleza parokia moja, Boga, katika teritware ya Irumu, Ituri. Ni pale Kanisa la Anglikana la Kongo lilianzia.

1. Ilianza namna gani?

Mwaka 1896 wainjilisti wawili kutoka Toro, Petero Nsugba na Sedulaka Makwata, walivuka mto Semliki wakafika Boga. Chifu Tabaro hakuwapokea vizuri, na hawakukaa sana. Mwaka ule ule akaja Apolo Kivebulaya, Muganda aliyebatizwa mwaka 1895. Yeye pia alipata taabu. Dada ya chifu aliangukia mkuki uliokuwa katika majani, akafa, na watu wakamshitaki Apolo. Akafungwa, akapelekwa ngambo kwa afisa Mwingereza, halafu akaachiliwa. Baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa.

Apolo akawa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Alihubiri mpaka ndani ya msitu, kwa Wambuti. Alikufa tarehe 30 Mei 1933, na kaburi lake liko Boga. Inasimuliwa kwamba aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, sababu kazi ilikuwa bado inaendelea kule.

Mwaka 1972 Boga ikawa dayosisi, na Philip Ridsdale akawa askofu wa kwanza. Mwaka 1992 Kanisa la Anglikana katika inchi yetu likawa jimbo lenye askofu mkuu wake.

2. Kwa nini habari zake zimetawanyika?

Mara ya kwanza Boga ilihesabiwa upande wa Waingereza. Mwaka 1910 Wabeleji, Waingereza na Wadachi walipatana juu ya mipaka, na Boga ikabaki Kongo. Lakini Kanisa liliendelea kufuata askofu wa Uganda kwa miaka mingi. Ndiyo sababu habari za parokia hii moja ziko katika inchi mbalimbali. Mabuku ambamo Apolo aliandika kazi yake kila siku, katika luga ya Kiganda, yanatunzwa kwenye Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Barua za wamisionere wa CMS ziko Birmingham, Uingereza. Lakini rejista, yaani majina ya watu wenyewe, kazi yake ni kukaa parokiani.

3. Rejista ni kitu gani?

Si jambo la jana. Mwaka 1538, kule Uingereza, Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parokia iwe na buku la kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Mwaka 1598 wakaongeza amri nyingine: kila mwaka nakala ya majina ipelekwe kwa askofu. Angalieni akili ya wazee wale! Kama buku la parokia liliungua ama kuliwa na panya, nakala ilibaki kwa askofu.

Katika rejista ya ubatizo unakuta tarehe, jina, wazazi, kijiji, na jina la kasisi aliyebatiza. Mstari mmoja tu, lakini kwa mtu wa kijijini inawezekana ndio mahali pekee jina la nyanya yake limeandikwa.

Tena rejista inaonyesha mambo ya inchi. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kigeni, na kasisi aliyembatiza mtoto kwa jina la namna ile alitishiwa kifungo. Yohana akaacha jina lake katika makaratasi ya Leta, lakini katika buku la zamani la Kanisa alibaki Yohana. Leo mtoto wake akitafuta ukoo wake, lazima ajue kwamba majina mawili yanaweza kuwa ya mtu mmoja.

4. Hatari iko wapi?

Mwisho wa Mei 2021 watu zaidi ya 50 waliuawa Boga na Tchabi, na wengine wengi wakakimbia. Mtu anapokimbia usiku anabeba mtoto, habebi rejista. Halafu anafika mahali pageni, anataka kufunga ndoa, na pasta anamuuliza: ulibatizwa wapi, nani anashuhudia? Kama buku limeungua na nakala hakuna, anabaki na mdomo wake tu. Buku lililo mahali pamoja ni kama mbegu zote kuzitia katika shamba moja.

5. Sisi tufanye nini?

Sisi tunajua kuandika, tena likizo ni ndefu. Kila mmoja amwendee pasta wa kwao na kuomba ruhusa ya kusaidia kunakili rejista. Kuna kanuni tatu. Kwanza, andika jina kama lilivyo, hata kama unaona limekosewa, usisahihishe. Pili, nakala isikae nyumba moja na buku, ipelekwe dayosisini. Tatu, mambo ya watu yaliyo mle ndani si masimulizi ya sokoni. Hata picha za telefone zinasaidia, lakini telefone inaibiwa na inaharibika, basi karatasi na wino visiachwe.

Apolo aliandika kila siku, na kwa sababu mabuku yake yalitunzwa, leo tunajua kazi yake. Wakristo aliowabatiza nao walikuwa na majina. Tusiache yapotee.

Ni mimi,
Kapita wa wanafunzi, darasa la sita