Kidonge cha tatu

"Fundi, nioneshe inayobeba vidonge vitatu." Msimu wa kulungu ukikaribia hapa Marekani, ombi hilo hunifikia kabla ya salamu. Mteja hajasema anawinda jimbo gani, msitu mnene au kando ya shamba la mahindi, wala kama amewahi kushika gobore maishani mwake. Anachojua ni kwamba kidonge kimoja cha baruti ni greni 50, viwili ni 100, vitatu ni 150. Hesabu yake haina kosa. Bunduki ndiyo haiifuati.

Imani yenyewe ni hii: ukishindilia greni 150, gobore linageuka raifo, na kulungu aliyesimama yadi 250 ni wako. Imeenea kwa sababu maboksi ya bunduki yanaitangaza, na kwa sababu mwanamume akiambiwa kuna kubwa na kuna kubwa zaidi, huona haya kuchukua ya kwanza. Wengi wanaoniuliza wametoka nyumbani Afrika Mashariki na Kongo, na baadhi yao walikua katika vijiji ambako gobore halikuwa kitu cha ajabu. Hao ndio hunishangaza. Mzee aliyekuwa akipimia baruti kifuniko kimoja, na akirudi na nyama, leo mjukuu wake ananiambia greni 100 ni za watoto.

Tuanze na baruti. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Inabaki masizi na moshi mzito, na gesi iliyopatikana inalazimika kuyasukuma hayo yote nje ya mtutu pamoja na risasi. Kwa hiyo kidonge cha tatu hakiji kama msaidizi tu, kinakuja pia kama mzigo. Baruti mbadala kama Pyrodex zina tabia ya namna hiyo hiyo. Katika bunduki ya kaliba .50 yenye risasi ya greni 250, greni 100 za baruti huipa risasi mwendo wa takriban futi 1,650 kwa sekunde. Ongeza hadi 150, utapata kama futi 1,950. Bunduki na bunduki hutofautiana, lakini sura ni ile ile: baruti imeongezeka kwa nusu nzima, mwendo haukufika hata moja ya tano.

Sasa mwendo huo unanunua nini? Ukiilenga bunduki yako sawasawa kwenye yadi 100, risasi ya vidonge vitatu ikifika yadi 150 itakuwa juu ya ile ya vidonge viwili kwa kama inchi mbili. Basi. Eneo la moyo na mapafu la kulungu ni kama inchi nane kwa upana. Aliyekosa kulungu kwenye yadi 150 hakukosa kwa sababu ya inchi mbili.

Alikosa kwa sababu ya bega. Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Nguvu ya teke haitokani na risasi peke yake. Uzito wa baruti inayotoka mdomoni mwa mtutu nao unahesabiwa, na unatoka kwa kasi kubwa kuliko risasi. Katika bunduki ya ratili saba au nane, kidonge cha tatu huongeza teke kwa zaidi ya nusu. Mtu akipigwa hivyo mara tatu nne uwanjani, mwili unajifunza bila ruhusa yake. Nina namna ya kumwonesha mbishi. Naichukua bunduki, nampa mgongo, naivika fataki tupu bila baruti wala risasi, kisha namrudishia alenge kwenye ukuta wa udongo akidhani imeshindiliwa. Anavuta. Jicho la kulia limefumbwa, shavu limeinuka kwenye kitako, na mdomo wa mtutu umezama chini kabla fataki haijalia. Hakuna darubini ya kurekebisha hilo.

Na bado kuna risasi. Nyingi tunazotia kwenye saboti, kile kikombe cha plastiki kinachoishika risasi ndani ya mtutu, zilibuniwa kwa bastola, zifunguke kwa mwendo wa bastola. Ukimpiga kulungu wa yadi 30 kwa mwendo uliozidi, risasi inaweza kuvunjika begani badala ya kupenya. Na kulungu wengi wa misituni hupigwa karibu namna hiyo, si yadi 250. Halafu vidonge vyenyewe ni vitu laini. Mnara wa vidonge vitatu ukigongwa kwa mdeki na mkono wenye wasiwasi, kimoja kinapasuka, na kidonge kilichopasuka hakiungui kama kizima. Leo risasi iko kushoto, kesho iko juu, na mteja ananirudishia bunduki akidai mtutu umepinda.

Kwa hiyo jibu langu ni viwili. Kama unatumia unga, greni 80 hadi 110, na katika hizo tafuta kwa majaribio kiasi ambacho bunduki yako inakikubali, yaani ambacho matundu matatu kwenye karatasi yanakaribiana. Ukitaka kuua mbali zaidi, tumia fedha ya kidonge cha tatu kununua mazoezi.

Haya, uchaguzi wenyewe, haraka haraka.

Sheria kwanza, bunduki baadaye. Majimbo yalitenga msimu wa gobore kwa ajili ya silaha za kizamani, kisha mwaka 1985 Tony Knight wa Missouri akaleta MK-85, gobore la kisasa ambalo fataki yake iko moja kwa moja nyuma ya baruti, na ubishi juu ya nini ni cha kizamani haujaisha tangu hapo. Colorado inakataza vidonge, saboti na darubini katika msimu wa gobore. Kwa hiyo swali la vidonge vitatu huko limekufa lenyewe. Idaho na Oregon zinataka fataki au jiwe viwe wazi kwa hewa. Pennsylvania ina msimu wa baada ya Krismasi wa gumegume tu, ulioanza mwaka 1974. Soma kitabu cha kanuni cha jimbo lako cha mwaka huu, si cha mwaka jana.

Jimbo likiruhusu kila kitu na wewe ni mgeni, chukua la kisasa: kaliba .50, mifereji ya mtutu inayozunguka mara moja kwa inchi 28, fataki ya 209 kama ya risasi za shotgani, kizibo cha nyuma kinachofunguka kwa mkono ili usafishe. Saboti au risasi ndefu ya madini ya risasi matupu, zote zitaenda. Ukipenda la fataki la ubavuni, mzunguko wa inchi 48 ni wa kati, unameza risasi ya mviringo na fupi nene pia. Gumegume la risasi ya mviringo iliyovikwa kitambaa linataka mzunguko wa polepole, inchi 60 na kuendelea, na linataka mkono uliotulia, kwa sababu kati ya cheche na mlio kuna nafasi ambayo kulungu na wewe mnaweza kuitumia vibaya. Weka mpaka wako yadi 75 nalo, ujue umewinda.

Baruti hupimwa kwa ujazo, si kwa mizani. Baruti mbadala ya Blackhorn 209, greni 100 za ujazo ni kama 70 za mizani. Ukipima 100 kwenye mizani umezidisha. Kidonge cha Pyrodex chenye upande mmoja mweusi, ule mweusi uangalie fataki. Baruti isiyo na moshi, ile ya raifo za kisasa, usiitie hata chembe: mtutu hupasuka na vidole huenda nao. Risasi iketi juu ya baruti pasipo pengo. Tia alama kwenye mdeki ya bunduki iliyoshindiliwa sawasawa, na nyingine ya bunduki tupu. Osha mtutu siku ile ile kwa maji ya moto na sabuni, kausha, paka mafuta, maana masizi hayo huvuta unyevu na kutu haisubiri Jumapili. Blackhorn peke yake hailegei kwa maji, ina dawa yake.

Na ukinunua la mtumba, kabla ya kuuliza bei teremsha mdeki mpaka mwisho, shika pale mdomo wa mtutu ulipoishia, kisha ulaze mdeki nje ya mtutu. Usipofika karibu na kizibo cha nyuma, lirudishe mezani taratibu mtutu ukielekea pasipo mtu, umwite mwenye duka. Huenda aliyeliuza alilishindilia akasahau.