Nkambo wako alitoka wapi?

Wewe kijana uliyezaliwa ku Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, ukiulizwa kwenu ni wapi, unajibu nini? Wengi wanasema "ku kampi", kisha wananyamaza.

Union Minière iliundwa mwaka wa 1906. Watu wa kazi walitoka Rodezia ya Kaskazini (leo Zambia), Lomami, Kasai, na tangu 1925 Rwanda na Burundi. Karibu na 1928 kompanyi ilianza kutoa mikataba ya miaka tatu na kuacha mabibi wakae ku kampi. Njo vile jamaa nyingi zilibaki.

Anza na wazee, wangali hai. Usiwaulize "historia", uliza jina la mto, la sultani, na namna walivyosafiri. Kisha tafuta buku ya kazi ya zamani ndani ya sanduku. Namba ya mfanyakazi haigeuki kirahisi sawa jina. Karani aliandika jina vile alivyosikia! Na mwaka wa 1972 Serikali ya Zaire ilikataza majina ya kikristo, basi Joseph wa zamani ana jina lingine ku karatasi za nyuma. Angalia pia miji: Élisabethville na Jadotville zilikuwa Lubumbashi na Likasi mwaka wa 1966.

Kwa Wakatoliki, daftari la ubatizo linasaidia sana: lina majina ya baba na mama, na pembeni wanaandika ndoa, hata iliyofungwa mbali. Muombe padri kwa heshima, lakini si Siku ya Mungu asubuhi.

Karatasi nyingi za Union Minière ziko Brussels, ku arshive za taifa la Ubelgiji. Ukiandika barua, tia ile namba ya kazi.