Chuo Huanzia Nyumbani, Kabla ya Matokeo

Kila Julai, Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, simu yangu haipumziki. Wazazi wa Dongobesh, Haydom, Endasak na Basotu hupiga wakiwa na furaha: "Mwalimu, kijana wetu amepata daraja la kwanza!" Nafurahi nao kwa dhati. Kisha nawauliza maswali matatu. Cheti chake cha kuzaliwa kimeshahakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA)? Barua pepe yake anaifungua nani? Nauli na fedha ya wiki za mwanzo mmeiweka wapi? Hapo wengi hunyamaza.

Nimefundisha kidato cha tano na sita katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Vijana wetu wana akili na wamezoea kazi ngumu. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia mambo madogo ambayo mtoto wa mjini huyasikia kwa dada yake au kwa jirani. Katika kaya ambayo hakuna aliyewahi kukanyaga chuo, mambo hayo madogo ndiyo humkwamisha mtoto. Dawa yake ni kuanza mapema, kabla hata ya mtihani wa Mei.

Jina moja kwenye nyaraka zote

Majina yetu ya Kiiraqw na Kidatoga humsumbua karani asiyeyajua. Hhando huandikwa Hando, Qwaray hugeuka Kwarai. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha kidato cha nne kinasema vile, na nyumbani hakuna anayeona tatizo kwa sababu mtoto ni yuleyule. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu haimjui mtoto. Inajua nyaraka tu: cheti kilichohakikiwa na RITA, namba ya mtihani, taarifa za mzazi na za mdhamini. Herufi zikipishana, kijana anaanza safari za kwenda kwa wakili kuapa kuhusu jina lake, wakati siku za maombi zinakatika.

Kwa yatima jambo hili ni zito zaidi. Bodi humpa uzito mwombaji aliyefiwa na mzazi, lakini huo msiba lazima uonekane kwenye cheti cha kifo kilichohakikiwa. Huku kwetu wazee wengi hufia nyumbani, wakazikwa kwa heshima zote, na kifo kisisajiliwe popote. Miaka inapita, mtoto anaomba mkopo, na hana karatasi ya kuonyesha kwamba hana baba. Ndugu wa marehemu, sajilini kifo msiba ukiwa bado mbichi. Mtakuwa mmemsaidia mtoto aliyebaki.

Nyaraka zenyewe zipigwe picha na zihifadhiwe pia kwenye barua pepe. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliishukia Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafariki, na nyumba zikaenda na kila kilichokuwamo. Cheti kilichokaa kwenye sanduku la bati peke yake hakiko salama.

Juni kijana yuko kambini

Tangu mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria yarejeshwe mwaka 2013, wahitimu wengi wa kidato cha sita huenda kambini muda mfupi baada ya mtihani. Miaka ya karibuni dirisha la mikopo limekuwa likifunguliwa Juni, naye kijana yuko kambini. Fomu inahitaji sahihi ya mdhamini, sahihi na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na muhuri wa wakili au hakimu. Mdhamini akiwa Yaeda Chini na wakili yuko Mbulu mjini, hiyo si kazi ya siku moja. Kwa hiyo namsihi kila mwanafunzi: kabla hujaondoka shuleni, uwe umekubaliana na mdhamini wako, una namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na picha yake, na umemwachia mtu mmoja nyumbani bahasha yenye kila kitu.

Tena, barua pepe na neno la siri viwe vyako. Vijana wengi hufanyiwa maombi kwenye steshenari, mwenye duka akafungua akaunti kwa simu yake na neno la siri analolijua yeye. Maombi yakirudishwa kwa marekebisho, ujumbe unakwenda kwa mtu aliyeshawasahau. Vilevile namba ya simu: anayechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwake. Ukiandika namba ya mjomba ambaye yuko machungani bila mtandao, nafasi yako inaweza kupotea huku ukiisubiri.

Uza ng'ombe akiwa na mwili

Wazazi wetu hawana mshahara wa mwezi. Wana ng'ombe, mahindi, alizeti, vitunguu, na ngano kwa watu wa Basotu. Baada ya masika malisho ni mengi na ng'ombe ana mwili. Ifikapo Oktoba ardhi imekauka, mnyama amekonda, na kila mwenye shida yuko mnadani. Mzazi anayesubiri barua ya chuo ndipo auze, huuza kwa bei ya kutupa. Uza mapema, weka fedha benki au kwenye simu, usiiguse.

Msidanganyike kwamba mkopo utamaliza yote. Posho ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Fedha hiyo, ambayo wanafunzi huiita bumu, huja kwa mkupuo, na mara ya kwanza huweza kuchelewa wiki kadhaa baada ya kufungua chuo. Katika wiki hizo kijana anahitaji chakula, malipo ya usajili na pengine kodi ya chumba. Bumu likishaingia, laki kadhaa kwa pamoja ni fedha ambayo wengi hawajawahi kuishika. Mfundisheni kuigawa kwa wiki. Atenge ya chakula kwanza, viatu vitasubiri. Na ajue kwamba mkopo ni deni: akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake hukatwa hadi liishe.

Huko hakuna kengele

Barabara ya lami ya Babati hadi Dodoma kupitia Kondoa, iliyozinduliwa 2018, imetusogezea Chuo Kikuu cha Dodoma. Safari ni fupi sasa, lakini maisha ni mengine. Shuleni kulikuwa na kengele, mwalimu wa zamu na foleni ya makande. Chuoni mhadhiri hufundisha mamia ya watu kwa Kiingereza na kuondoka, bila kuuliza nani hakuja. Katika vyuo vingi alama 40 kati ya 100 hutokana na majaribio na kazi za muhula. Anayengoja mtihani wa mwisho ameshachelewa, na kinachomngoja ni sapu, yaani kurudia mtihani, kisha kerio, yaani kulibeba somo hadi mwaka unaofuata, hatimaye disko, yaani kuondolewa chuoni.

Kijana wa kwetu amelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa. Ni adabu njema, nami sitaki aipoteze. Lakini nyumbani mwambieni waziwazi kwamba kumuuliza mhadhiri si utovu wa adabu, na kwamba kuugua, kukosa chakula au kusumbuliwa na mtu mzima mwenye mamlaka ni mambo ya kupeleka kwa mshauri wa wanafunzi siku hiyohiyo. Wasichana waambiwe hili mara mbili. Jumuiya za dini kama TMCS ya Wakatoliki na USCF ya Waprotestanti, na wenzake wanaotoka Manyara, wampe mtu wa kumkalisha chini anapoelemewa.

Na afungashe chandarua. Aliyekulia kwenye baridi ya Mbulu anaposhukia Morogoro au Dar es Salaam, malaria humpata kwa urahisi, na homa wiki ya majaribio humgharimu muhula.

Wakuu wa shule, nawaomba Aprili, kabla ya mtihani, muite wazazi na wahitimu wa vyuo walio jirani, mkae nusu siku tu. Ninyi mliosoma, mkirudi likizo msiishie kusalimia. Ingieni darasani mkaeleze mliyoyapitia. Na wazazi, michango ya sherehe ya kumuaga mtoto igeuzeni kuwa nauli, chandarua na chakula cha mwezi wa kwanza. Mtoto aliyeandaliwa hivyo ana nafasi kubwa ya kurudi na shahada.