Utalii wa Pwani ya Kenya na Maandalizi ya Dharura

Maandalizi ya dharura katika utalii ni mipango inayowekwa wakati wa shwari ili ijulikane mapema nani atawahamisha wageni, nani atazungumza na vyombo vya habari, na mishahara italipwaje vyumba vikibaki vitupu. Pwani ya Kenya imepigwa mara kwa mara: ghasia za Likoni mwaka 1997, shambulio la hoteli ya Kikambala mwaka 2002, vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kisha UVIKO-19 mwaka 2020. Hata hivyo, pigo linalofunza zaidi ni la Mei 2014, ambapo Uingereza ilitoa tahadhari ya usafiri, yaani tangazo la serikali linalowaonya raia wake wasiende mahali fulani, na kampuni za utalii zikawarudisha nyumbani mamia ya wateja waliokuwa katikati ya likizo. Tahadhari hiyo, iliyolegezwa katikati ya mwaka 2015, ilionyesha kuwa ulinzi wa langoni, ambao ndio hupewa fedha kwanza, hautoshi pale soko linapotegemea wageni wa nchi chache za Ulaya. Mwenye hoteli anayeanza kuwatafuta wateja wa ndani baada ya janga kutokea huwa amekwisha kuchelewa.