Malka za Mto Tana

Tarehe 10 Septemba, 2012, kijiji cha Kilelengwani, kilichoko katika delta ya Mto Tana nchini Kenya, kilishambuliwa. Watu 38 waliuawa, na miongoni mwao walikuwamo polisi 9. Siku 19 kabla ya hapo, watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, walikuwa wameuawa katika kijiji cha Riketa. Waliopigana ni Wapokomo, ambao ni wakulima, na Waorma, ambao ni wafugaji.

Wako waliosema kwamba huo ulikuwa ugomvi wa makabila tu. Kauli hiyo haitoshi. Jamii hizo mbili zimeishi jirani kwa vizazi vingi, zikiuziana nafaka, maziwa na nyama. Kiini cha ugomvi ni maji na njia ya kuyafikia.

Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, hupita katika nchi kavu kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Mpokomo hulima mpunga na migomba kandokando ya mto, katika udongo unaoachwa na mafuriko. Mworma huchunga mbali wakati wa mvua. Lakini kiangazi kikishika, visima na malambo hukauka, naye hana budi kuteremsha ng'ombe wake mtoni. Njia wanazopita huitwa malka. Kwa desturi, wazee wa pande zote mbili ndio waliokubaliana malka ipite wapi na mifugo ishuke lini.

Mapatano hayo yalidhoofika kidogo kidogo. Mabwawa yaliyojengwa juu ya mto, likiwamo la Masinga lililokamilika mwaka 1981, yalipunguza mafuriko yaliyorutubisha mashamba. Watu waliongezeka, na ukame ulileta wafugaji wengine kutoka mbali. Ulipokuja mpango wa kupima ardhi na kutoa hati, Wapokomo waliuona kuwa kinga ya mashamba yao, na Waorma wakauona kuwa ukuta kati ya ng'ombe na maji. Mapigano yalizuka mwaka 2001. Mwaka 2012 yalirudi kwa ukali zaidi, huku uchaguzi wa Machi, 2013 ukikaribia na wanasiasa wakilaumiwa kwa uchochezi.

Serikali ya Kenya ilipeleka askari wengi na kutangaza amri ya kutotoka nje usiku. Hata hivyo, mwezi Desemba, 2012, kijiji cha Kipao kilishambuliwa na watu zaidi ya 30 wakauawa. Askari anaweza kutenganisha wapiganaji, kukusanya silaha na kuwakamata wauaji, na kazi hiyo ni ya lazima. Lakini ng'ombe mwenye kiu hasubiri amri, na mkulima aliyeliwa mazao yake hasahau.

Mkasa huu si wa Kenya peke yake. Mwezi Desemba, 2000, wakulima na wafugaji walipigana Rudewa, wilayani Kilosa, nchini Tanzania, na watu 38 wakapoteza maisha.

Kwa hiyo, askari anayelinda wilaya kame hana budi kuzijua njia za maji kama anavyozijua barabara. Malka iliyolimwa, kisima kilichofungwa, au ng'ombe walioonekana shambani usiku, ni habari ya usalama. Ikifikishwa mapema kwa wazee na kwa wakuu wa wilaya, shauri huamuliwa barazani. Ikipuuzwa, huamuliwa kwa mkuki na bunduki, na askari huitwa kuzika.