Ifakara hadi Mahenge kwa bodaboda: kipi kweli, kipi si kweli

"Ifakara iko chini ya milima, kwa hiyo ni mji wa baridi."

Si kweli. Ifakara iko bondeni, mita 250 hivi kutoka usawa wa bahari, na joto lake ni joto la nchi ya mpunga, zito na lenye unyevunyevu. Kilele cha Luhombero katika milima ya Udzungwa kinapita mita 2,500, lakini ubaridi wa huko haushuki mjini. Anayetaka mji wa baridi avuke mto Kilombero, apite Lupiro, kisha apande hadi Mahenge, makao makuu ya wilaya ya Ulanga. Koti libebe tangu Ifakara, hata kama jua linachoma.

"Mto unavukwa kwa pantoni."

Ilikuwa kweli, na kwa gharama kubwa. Januari 2016 pantoni ilizama mtoni hapo. Tangu 2018 kuna daraja la mita 384, Daraja la Magufuli, na pikipiki inavuka kwa dakika chache.

"Nikishapata bodaboda, simhitaji mwenyeji mwingine."

Hili ndilo linalowanyima wageni mengi. Dereva mzuri ni hazina: anajua wapi mchanga unateleza, kijiji gani kina fundi wa pancha, na wingu gani la kukimbia. Patana naye bei ya siku nzima kabla ya kuondoka, dai kofia ngumu yako, na usikubali mshikaki, yaani kupakiwa abiria zaidi ya mmoja, hata kwa safari ya karibu. Lakini ujuzi wake ni wa barabara. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, watalii hawatembezwi kwa gari wala pikipiki. Pikipiki unaiacha nje na kupanda kwa miguu ukiwa na mwongozaji wa hifadhi, hadi maporomoko ya Sanje yanayoshuka mita 170 hivi.

Thamani ya mwenyeji msituni ilionekana mwaka 1979. Watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walisikia mlio wa nyani wasiyemtambua. Mwenyeji aliyekuwa nao alimtambua papo hapo kwa jina la kienyeji, kisha akawapeleka kijijini Sanje wakamwone mmoja aliyekuwa anafugwa. Sayansi ilimwandika mnyama huyo mwaka 1981, na leo anajulikana duniani kwa jina la kijiji hicho. Watu wa Sanje walikuwa wanamjua siku zote. Kwa hiyo anayekuongoza huko mlipe vizuri, tena kwa heshima, kwa kuwa unanunua elimu ambayo haipatikani kwingine.

Bondeni nako ni hivyo hivyo. Wandamba, wavuvi wa Kilombero tangu jadi, ndio wanaojua mkondo upi umehama na mamba amelala wapi. Ukitaka kuingia mtoni, teremka kwenye pikipiki, ukodi mtumbwi pamoja na mwenyewe.

"Wanyama wa bonde wamekwisha."

Nusu kweli, na nusu hiyo inauma. Ardhi oevu ya Kilombero iliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002, na iliwahi kuhesabiwa kuwa makazi ya sehemu kubwa ya sheshe wote duniani, swala mwekundu wa mbugani ambaye wataalamu humwita puku. Mifugo na mashamba vimemminya sana. Usitarajie kumwona kando ya barabara, na usimshawishi dereva akate mbuga kumfuata.

"Msimu wowote unafaa."

Si kweli. Machi hadi Mei bonde hujaa maji, na njia za udongo hugeuka tope. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya pikipiki. Mbu hawana likizo, na Ifakara, mji wenye taasisi inayotafiti malaria, iliyoanza miaka ya 1950, bado inalala ndani ya chandarua. Nawe lala humo.

"Mahenge hakuna kitu zaidi ya hewa safi."

Si kweli hata kidogo. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji wa vita vya Maji Maji walilivamia boma la Wajerumani hapo, wakakutana na bunduki za rashasha. Vitabu vingi vya vita hivyo huishia Umatumbi na Songea. Mahenge, waombe wazee wa Kipogoro wakusimulie, na uwe na muda wa kusikiliza.

"Vito vya Mahenge unaweza kununua kijiweni."

Vito ni kweli vipo. Mwaka 2007 huko Ipanko, jirani na mji, zilitoka fuwele kubwa za spineli, moja ikiwa na uzito wa kilo 52. Lakini biashara ya madini Tanzania inahitaji leseni, na jiwe la kijiweni linaweza kukufikisha polisi wewe pamoja na dereva wako. Atakayekuonyesha jiwe, mshukuru, kisha umwambie dereva awashe pikipiki.